Rais Aliyemwomba Gaidi

Kwako Kirimi, uliyenikataza nisikufuate,

Barua ya kumwandikia marehemu sijui huanzaje. Za ofisini nazijua: kumbukumbu namba, tarehe, halafu Yahusu. Nimezipiga maisha yangu yote ya kazi, kwa vidole kumi, bila kutazama. Basi wacha nianze kwa njia ninayoijua. Yahusu: kitabu chako.

Mimi sijambo. Magoti ndiyo yananisumbua. Mvua ya Kiritiri ni ile ile unayoijua, inanguruma huku halafu inaenda kunyesha Embu mjini. Ndengu zimetoka hata hivyo, na mbuzi wako sawa. Hizo ndizo habari za hapa.

Habari yenyewe ni hii. Juzi Jumanne binti yako Makena alikuja kwangu mara ya pili. Mara ya kwanza alikuja baada ya wewe kufa, akasimama mlangoni na paji lile lako la uso, nikajua ni nani kabla hajafungua mdomo. Aliuliza, "Wewe ndiye Wawira wa taipureta?" Nikasema ndiye. Akasema ulimwambia hospitalini kwamba ulipokuwa kijana uliandika hadithi ndefu, na kwamba nakala yake iko Kiritiri kwa mwanamke ambaye hataitoa mpaka aombwe. Akaniomba, nikampa. Sikumuuliza ulisema nini kingine kunihusu, na yeye hakusema. Alienda nayo Nchiru, kule chuoni anakofundisha, akaitoa nakala katika vile vibanda wanafunzi wanakochapia na kujalidi kazi zao, akapeleka kwa wachapishaji Nairobi.

Jumanne alirudi na jibu. Wamekipenda, Kirimi. Keti chini kama unaweza. Mhariri ameandika kwamba hajasoma kitu kama hicho kutoka kwa mtu ambaye hakuwahi kuchapisha hata ukurasa mmoja. Wako tayari kukitoa, lakini kwa sharti. Mwisho ubadilishwe. "Hauaminiki," anasema. "Msomaji wa leo hatakubali kwamba gaidi mwenye bunduki mkononi anaachilia mateka kwa sababu tu ameombwa. Tunapendekeza Rais aamuru jeshi liingie." Jibu alilitaka Ijumaa. Likiwa hapana, basi kila mtu ashike njia yake.

Niliposoma hayo nilicheka mpaka Makena akaogopa. Maneno hayo ni yangu! Nilikuambia hivyo hivyo miaka ile, nyuma ya ofisi, tukila mandazi ya yule mama aliyekuwa na mtoto mgongoni. Na wewe ulinijibu nini? "Utaona." Ulikuwa mtu wa kukasirisha sana ulipokuwa na hakika.

Ulikuwa karani wa masijala kule Embu, mimi nikiwa chumba cha kupiga chapa, mlango wa tatu. Ulikuja siku moja na daftari la shule lenye jalada la buluu. "Dada," ukasema, "unaweza kunipigia kazi ndogo?" Kazi ndogo! Ikawa madaftari tisa. Kila saa ya chakula wenzangu wakitoka, wewe ulivuta kiti, ukasoma kwa sauti, na mimi nikapiga. Wewe Mmeru, mimi Mmbeere, Kiswahili kikiwa katikati yetu. Ulisoma vibaya, nikwambie leo. Ulikuwa unakimbiza maneno, na gaidi wako alikuwa na sauti ile ile ya Rais.

Lakini hadithi ilikuwa nzuri. Nchi isiyo na jina. Siku ya sherehe za taifa, jukwaa la wakubwa linalipuliwa na watu wanaojiita Jeshi la Majivu. Rais anakufa, makamu anakufa, mawaziri wote wanakufa, isipokuwa mmoja, naibu waziri wa mifugo, daktari wa ng'ombe ambaye hakufika kwenye sherehe kwa sababu jirani yake alikuwa na ng'ombe aliyeshindwa kuzaa. Wanamkuta zizini, mkono umeingia ndani ya ng'ombe mpaka begani, wanampigia saluti. "Mheshimiwa Rais." Naye anawaambia, "Ngojeni kwanza, ndama amekaa vibaya." Hapo nilisimamisha mashine. Nilicheka mpaka nikatoa machozi, na nadhani ndipo nilipokupenda, ingawa niliendelea kupiga kana kwamba hakuna lililotokea.

Ulimwita Mutethia. Nilikuuliza nchi isiyo na jina inakuwaje na Rais mwenye jina la Kimeru. Ukasema majina mengine hujui kuyaandika.

Siku zile kuandika Rais amekufa, hata Rais wa kubuni, ilikuwa ni kucheza na moto. Unakumbuka mkubwa wetu alipoingia bila kubisha? Alichukua karatasi iliyokuwa juu, akasoma, uso ukambadilika.

"Rais amekufa?"

"Ni wa nchi nyingine, mzee," nikasema.

"Nchi gani?"

"Haiko."

Aliitazama karatasi, akakutazama wewe uliyekuwa unajifanya unatafuta faili, akairudisha mezani taratibu. "Basi waambie watu wa nchi hiyo," akasema, "wasiache karatasi zao ovyo." Akatoka, hakurudi kulitaja tena. Kuanzia siku hiyo nilipeleka kila sura nyumbani kwetu Kiritiri nikienda wikendi, nikaificha ndani ya mzinga mmoja wa baba, ule mkavu ambao nyuki waliukataa. Ulining'inia kwenye mti kwa waya, mchwa hawafiki, na askari gani atapekua mzinga? Mpaka leo karatasi zako zinanukia nta na moshi. Makena anasema mhariri aliuliza ni manukato gani.

Sasa nifike pale pa mwisho, maana ndipo penye ugomvi. Jeshi la Majivu linateka kituo cha redio, ndani kuna kwaya ya wanafunzi waliokuja kurekodi. Kamanda wao anazungumza hewani, anajigamba, anataja ukoo wake. Na mama yake Rais, bibi kizee anayesikiliza redio jikoni, anasikia ule ukoo, anaweka mwiko chini, anampigia mwanawe simu. "Mwanangu, huyo mtu ni gichiaro wetu."

Uliniuliza kama nalijua neno hilo. Nikakuambia hata kwetu Mbeere liko, bibi yangu alilitaja alipotaka kututisha. Udugu wa kiapo. Koo mbili zilikula kiapo zamani za kale, zikawa damu moja. Gichiaro wako humuumizi. Humdanganyi. Akikuomba kitu, chochote, humnyimi. Akija kuomba, huja mikono mitupu, haji na zawadi wala silaha, kwa sababu zawadi ni bei na silaha ni tisho, na ombi la gichiaro halina bei wala tisho. Ulinieleza hayo kwa bidii huku ukinitapakazia makombo ya mandazi. Daktari wako wa ng'ombe angewaacha majenerali wakipiga kelele, avuke barabara peke yake, mikono mitupu, mpaka kwenye lango la redio, aombe wale watoto. Na kamanda angewatoa.

"Hakuna," nikasema. "Mtu ameua serikali nzima, leo aogope maneno ya wazee?"

"Si kuogopa."

"Ni nini basi?"

"Utaona," ukasema. Nikakupiga na rula.

Wewe, Kirimi, uliyejua ukoo wa gaidi ambaye hayupo, hukuwahi kuniuliza wangu. Nimelifikiria jambo hilo miaka mingi. Wala mimi sikukuuliza wako. Tulikuwa watu wa ofisi. Wewe Kirimi wa masijala, mimi Wawira wa taipureta, Jumapili tunaenda kanisani, koo ni mambo ya bibi zetu. Ulijaza kurasa kwa kalamu juu ya kiapo cha kale, na mtu aliyekuwa ameketi mkabala nawe akikipiga chapa hukumuuliza anatoka ukoo gani, mlango gani. Mjinga wewe. Mjinga mimi pia, haya, tugawane.

Tuliulizwa na wengine. Watu wenu walipokuja Kiritiri kunichumbia, wewe ukiwa nao, walikuja vizuri, na asali, na blanketi la mama. Baba aliwakaribisha, uji ukamiminwa. Mimi nilikuwa jikoni, nachungulia kwenye ufa. Baba yako mdogo, yule mrefu mwenye koti la mvua, akauliza kwa heshima sisi ni ukoo gani. Baba akasema. Yule mzee alikuwa ameinua kibuyu mpaka mdomoni. Akakishusha. Hakunywa. Akauliza tena, labda hakusikia vizuri. Baba akarudia, halafu naye akauliza wenu, na nilimwona baba yangu akifumba macho. Mtu hakupiga kelele. Wazee wale walisalimiana upya, kama watu waliokutana wakati ule ule, na baba akachinja mbuzi mkubwa kuliko aliyekuwa amepanga. Ndivyo gichiaro hupokelewa. Nikaitwa, nikaambiwa nikusalimie kama kaka.

Nilikuja na maji ya kunawa mikono. Nilikumiminia. Hukuthubutu kuniangalia, na mimi nilikuangalia sana. Watu wa gichiaro hawaoani, hata mtoto anajua. Ni kama kuoa ndugu wa tumbo moja.

Nilikasirika, sitaficha. Nilikasirika na baba, na baba yako mdogo, na watu waliokula kiapo kabla ya barabara kuwepo. Kwa nini mimi nilipe? Ofisini nilikuambia tusiwasikilize. Kulikuwa na ofisi ya mkuu wa wilaya, kulikuwa na cheti na mihuri, na mihuri mimi naijua. Ulikubali. Tukapanga Jumatatu, asubuhi, stendi ya Embu, twende Nairobi tukaandikishwe huko ambako hakuna atakayetuuliza mlango. Nilifika mapema na sanduku la kijani la mama. Nilivaa lile rinda la maua. Nilikuwa na sheria upande wangu, na kanisa, na miaka ishirini na minne, na wewe. Hakuna nilichokosa.

Ukaja ukitokea upande wa soko. Niliona kwa mbali kwamba huna begi. Nikajiambia labda ameliacha kwa rafiki. Ulipokaribia niliona mikono yako, wazi, inaning'inia, na nikajua, maana mikono mitupu ya anayeomba nilikuwa nimeipiga chapa wiki mbili kabla, katika daftari la nane.

Hukunisalimia kwa jina. Ulisema, "Nakuomba kwa gichiaro, usinifuate. Rudi nyumbani. Usije kwetu, usinitafute."

Ni hayo tu. Hukutoa sababu. Baadaye nilisikia mama yako alikuwa amelala chini siku tatu akikataa chakula, lakini wewe hukulisema, na nakupa heshima kwa hilo. Sababu ingekuwa bei.

Kondakta alikuwa anaita watu wa Nairobi. Ningeweza kukushika shati. Ningeweza kupiga mayowe stendi nzima ijue Kirimi wa masijala ni mtu wa aina gani. Niliangalia saa. Nikakuuliza, "Umefikiria vizuri?" Ukatikisa kichwa kukubali. Kola yako ilikuwa imepinduka upande mmoja, ulivaa kwa haraka. Nikaiweka sawa. Nikasema, "Haya. Umeshaomba. Chukua." Nikabeba sanduku langu nikarudi Kiritiri.

Uliomba uhamisho, ukapelekwa Meru. Baada ya mwezi mmoja dereva wa serikali aliniletea bahasha, ndani daftari la tisa, la mwisho. Hapakuwa na barua. Nililipiga chapa siku hiyo hiyo saa ya chakula, mwanzo mpaka mwisho, nikalitia kwenye mzinga pamoja na mengine.

Na hapa kuna jambo ambalo watu wasiofanya kazi yetu hawalijui. Mpiga chapa hasomi. Jicho linachukua herufi, kidole kinashuka, na akili imeenda kuchota maji. Nimepiga barua za kufukuza watu kazi nikiwaza mboga. Sura zile nyingine nilizijua kwa sababu ulinisomea. Ile ya mwisho hakuna aliyenisomea. Niliipiga kwa hasira, vizuri, bila kosa hata moja, na sikujua imesema nini. Sikutaka kujua.

Sikuolewa, kabla hujauliza. Si kwa sababu yako tu, usijivune. Walikuja wawili. Mmoja alikuwa na kelele na mwingine alinuka tumbaku.

Tulionana mara moja tu, wewe na mimi, sokoni Gakoromone, kule Meru. Nilikuwa nimepeleka magunia ya ndengu kwa mama mmoja wa pale. Wewe ulikuwa unachagua ndizi na mkeo, mwanamke mzuri mwenye sauti ya chini, Mungu amrehemu naye. Mtoto mdogo wa kike alikuwa ameshika suruali yako, nadhani ndiye huyu Makena. Uliniona. Nilikuona. Nilikuwa nimekanyaga Meru lakini si kwako, kwa hiyo sikuwa nimevunja kitu, na nilitaka ulijue hilo, kwa hiyo sikuondoka. Ulinunua ndizi nyingi kuliko mnavyoweza kula. Halafu mkaenda.

Ulipokufa nilipata habari kwa yule yule mama wa ndengu. Alisema watu walikuwa wengi, na mwanakwaya mmoja akazimia. Sikuja. Wengine wa ofisini walikuja, walinipitia hapa na gari, nikasema naumwa. Uliniomba nisije kwenu, na hukusema mpaka lini. Siku ulipozikwa nilipalilia shamba lote la juu peke yangu, mpaka viganja vikachubuka. Niliumia, Kirimi. Hilo nalisema mara moja tu.

Sasa Jumanne. Makena alikuwa na kalamu nyekundu na mpango wake. "Anti," akasema, "wewe ulikuwa pale akiandika, unajua anavyoongea. Tukae tubadilishe hii sura moja. Jeshi liingie, watoto waokolewe, kamanda afe. Kurasa kumi. Ijumaa natuma."

Nikamuuliza yeye mwenyewe anaonaje.

"Aki Anti, nampenda baba, lakini nani ataamini? Watu wa Nairobi watatucheka. Siku hizi tumeona magaidi. Nchiru wanafunzi wangu wakisikia mlango umefungwa kwa nguvu wanalala chini ya viti. Sasa niwaambie mtu aliombwa?"

Ni kweli. Dunia yako ya daftari ilikuwa na gaidi mmoja anayejigamba redioni. Yake ina watoto wanaohesabu madirisha wakiingia darasani. Nilimwambia asome kwanza kwa sauti, tujue tunakata nini. Akaketi kwenye kigoda, mimi nikipeta ndengu, akasoma. Anasoma vizuri kuliko wewe.

Rais akavuka barabara. Mikono mitupu. Akafika langoni, akaomba kwa gichiaro. Niliendelea kupeta. Kamanda akatazama saa yake, na ndani watoto walikuwa wanalia.

"'Umefikiria vizuri?' kamanda akauliza," Makena akasoma.

Mikono yangu ikasimama.

"Halafu angalia hapa, Anti, hapa ndipo mhariri ameweka mistari miwili myekundu. Eti kamanda, bunduki begani, ananyoosha mkono anamtengenezea Rais kola ya shati! Gaidi gani atafanya hivyo? Halafu anasema, 'Haya. Umeshaomba. Chukua.' Basi. Lango linafunguliwa. Ameandika pembeni, tabia hii haielezeki."

Ungo ulinitoka. Ndengu zilimwagika kiwanja kizima, kuku wakaja mbio.

Kumbe ulikuwa umenijibu. Miaka yote hiyo jibu lilikuwa limening'inia juu ya kichwa changu, ndani ya mzinga, nimelipiga kwa vidole vyangu mwenyewe bila kosa hata moja. Nilikuwa nimekuambia hakuna mtu mwenye nguvu zote mkononi anayeweza kuombwa akaachilia. Ukanitafutia mmoja. Na sikujua kama nicheke au nikutukane, maana umenifanya gaidi, Kirimi. Na bunduki.

Makena alikuwa ananiangalia. Nikamwambia, "Hiyo kola ilikuwa ya baba yako."

Nikamweleza yote, kama nilivyoyaandika hapa, ila bila matusi. Nilipomaliza alikuwa ameshaokota nusu ya ndengu, moja moja, na kalamu nyekundu ilikuwa sijui wapi.

Halafu nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya maishani. Ombi langu lilikuwa lipo bado. Linaenda pande zote mbili, na mimi sikulitumia kwako hata siku moja, kwa sababu kitu pekee nilichokitaka ndicho hicho ambacho kiapo chenyewe kilikataza. Damu yako iko kwake. Nikafungua mikono.

"Makena, nakuomba kwa gichiaro. Mwisho usiguswe."

"Anti! Mimi nimeokoka. Mambo ya viapo..."

"Hata mimi ni mshirika wa kanisa. Hakuna aliyekuambia uchinje kitu. Nimekuomba tu."

"Na wakikataa kukichapa? Baba alikingoja maisha yake yote."

"Watakuwa wamekataa."

"Na mimi nikikukatalia?"

"Hakuna kitakachokupata, mama. Utakuwa tu mtu aliyekataa."

Alilia kidogo, akasema hiyo si haki, ni kumfunga mtu mikono. Nikamwambia ndiyo maana yake. Akachukua simu, akaenda mpaka chini ya ule mti wa mizinga maana ndipo mtandao unapatikana, nikamsikia anazungumza Kiingereza cha chuo, halafu Kiswahili. "Hapana. Mwisho unabaki. Hapana. Na kola pia." Akakata simu, akarudi. Mhariri amesema atawauliza wakubwa wake lakini tusitegemee. Kama ni hapana, Makena atakichapa na kukijalidi mwenyewe Nchiru, pale pale kwenye vibanda vya wanafunzi, jalada la buluu kama daftari. Kitasomwa na watakaokisoma. Mimi naona inatosha. Wewe ungelalamika.

Nilidhani tumemaliza. Nilikuwa nawasha moto wa chai aliposema, "Anti, hii kitu inaenda pande zote mbili, ama?"

"Inaenda."

"Basi sasa ni zamu yangu." Na mtoto huyu, aliyeokoka, mwalimu wa chuo, akaweka mkoba chini, akafungua viganja vyote viwili mbele yangu. "Nakuomba kwa gichiaro. Jumamosi uje nyumbani kwetu. Uje umsomee baba ile sura, pale kaburini."

Nikamwambia kuna ombi lingine lililotangulia. La baba yake.

"Baba aliomba siku yake," akasema. "Leo nimeomba mimi."

Kirimi, sijawahi kusikia mzee akifundisha mtu afanye nini maombi mawili yakigongana. Nimefikiria Jumanne yote, na Jumatano, na leo. Baba angejua, lakini baba naye yuko huko mliko, unaweza kumuuliza. Ninachojua ni kwamba aliyekuja mikono mitupu mbele yangu hivi karibuni si wewe.

Nilimuuliza Makena walikuzika na nguo gani. Akasema suti ya kijivu, shati jeupe. Nikamuuliza kama kuna mtu aliyekuangalia kola kabla hawajafunika jeneza. Akafikiria, akasema hajui.

Jumamosi nakuja. Usiniulize kwa nini nimevunja neno lako. Nimeombwa.

Gichiaro wako,
Wawira